Kijana ana homa na analala tu: ugonjwa unamlalia au mwili unajitibu?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Kiboroloni, Moshi, nimelifupisha kidogo tu:

"Shikamoo mtaalamu. Mwanangu yuko form two, katoka bweni likizo fupi na mafua makali na homa, leo siku ya pili analala tu, anaamka anakunywa uji anarudi kulala. Bibi yake kashuka kutoka Kibosho anasema mgonjwa haachwi alale hivyo, ugonjwa utamlalia, basi kila saa anamuamsha akakae juani. Mimi nikiumwa ni kinyume, usiku nakesha nahesabu misumari ya bati. Ni nini hasa kinamlaza mtoto, ni dawa, homa au udhaifu? Na Jumapili anatakiwa shule, kule wanaamshwa saa kumi usiku kujisomea. Nimrudishe?"

Marahaba dadangu, na pole sana na kuuguza. Najua una mgonjwa ndani so nikupe la haraka kwanza. Kama ukimuamsha anaamka, anakujua, anaongea vitu vinavyoeleweka, anakunywa, anakojoa, na anaweza kuinamisha kichwa kidevu kikagusa kifua, muache alale. Lakini kama kumuamsha ni kazi, au anaweweseka hata akiwa macho, au shingo imekakamaa, au kapata degedege, au anahema haraka haraka, au kila anachomeza kinarudi, usiendelee kusoma hapa, mpeleke hospitali sasa hivi hata kama ni saa nane usiku. Huo unakuwa sio usingizi tena, huko mbele nitaeleza kwanini.

Sasa tuje kwenye swali lako la msingi maana ni swali zuri mno na watu wengi hapa Moshi wanalijibu kwa kubahatisha. Kinachomlaza mtoto ni kinga yake mwenyewe. Yaani zile chembe nyeupe za damu zikikutana na kirusi hazipigani kimya kimya, zinamwaga kwenye damu vijiprotini vidogo vidogo vya kupeana taarifa, tunaviita saitokini. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, basi saitokini ndio mbiu yenyewe, chembe moja inapiga na nyingine zinaitikia, zinakusanyika pale koo au pua ilipovamiwa. Ila mbiu haichagui masikio, na ubongo nao unaisikia. Ubongo ukisikia unabadilisha mambo kadhaa kwa mpigo: joto la mwili linapandishwa, hamu ya kula inaondoka, viungo vinauma, mtu hataki kuongea na watu, na usingizi unaletwa. Ndio maana mafua, malaria, kidonda kilichooza na hata chanjo vyote vinaanza kufanana, ule uchovu wa mwanzo hauletwi na kirusi moja kwa moja, unaletwa na mbiu.

Majina utakayoyasikia sana ni intaleukini-1 na TNF, hao wawili ndio wakubwa kwenye habari ya usingizi. Yupo na intaleukini-6, na intaferoni, hii ya mwisho wagonjwa wa homa ya ini C waliokuwa wanachomwa sindano zake miaka ya nyuma wanaikumbuka vizuri, walikuwa wanachoka kama wenye mafua yasiyoisha, wengine usingizi unavurugika na wanapata sonona, na hapo hawajaambukizwa kitu kipya, ni ile molekuli tu imeingia mwilini kwa sindano.

Hii habari ilivyogunduliwa naipenda sana, nivumilie kidogo. Mwanzoni mwa karne iliyopita Mjapani mmoja, Kuniomi Ishimori, na Wafaransa wawili, René Legendre na Henri Piéron, kila upande kivyake, waliwanyima mbwa usingizi muda mrefu, alafu wakachukua kitu kutoka kwenye ubongo wao, Wafaransa walichukua yale maji yanayozunguka ubongo, wakampa mbwa aliyelala vizuri. Na yule aliyelala vizuri akalala tena! Kumbe kuna kitu kinajikusanya mle ndani. Ila kitu gani, hawakuwa na vifaa vya kukijua. Ikaja miaka ya 1960, John Pappenheimer wa Chuo Kikuu cha Harvard akarudia kwa mbuzi, mbuzi walionyimwa usingizi, maji ya ubongo wao yakiwekwa kwa panya, panya wanalala zaidi. Wakaanza kukitafuta hicho kitu, na kwa sababu kwenye ubongo kipo kidogo mno ikabidi wakitafute kwenye mkojo wa binadamu, lita kwa maelfu, na mwaka 1982 wakapata jibu ambalo nadhani hawakulitegemea: ni kipande cha ukuta wa bakteria.

Hebu fikiria hapo. Unatafuta dawa ya usingizi ya mwili, unakuta tofali la nyumba ya bakteria. Kijana aliyekuwa kwenye kazi hiyo, James Krueger, hakuishia hapo, akauliza kipande cha bakteria kinalazaje mnyama, na jibu likawa kinaamsha kinga, kinga inatoa intaleukini-1, na mwaka 1984 yeye na wenzake wakaonyesha kwamba intaleukini-1 yenyewe ukimpa sungura anazama kwenye usingizi mzito. Miaka michache baadae ikaonekana TNF nayo hivyo hivyo. Na kwa upande wa pili, panya waliozaliwa bila kipokeo cha intaleukini-1 au bila kimojawapo cha TNF wanalala pungufu kuliko wenzao hata kama hawaumwi. Mi hapa ndo huwa nawasimamisha wanafunzi darasani, kwamba haya mambo hayasubiri ugonjwa, hata usingizi wako wa kila siku baada ya kushinda sokoni Mbuyuni, kuna kidogo cha hizi molekuli ndani yake. Ugonjwa unapandisha tu sauti ya kitu ambacho kilikuwepo.

Taarifa inafikaje kichwani wakati ubongo una ukuta unaouzuia na damu? Kwa njia zaidi ya moja. Kuna mshipa mrefu wa fahamu unaitwa vagasi unatoka tumboni na kifuani mpaka kwenye shina la ubongo, wenyewe unahisi saitokini huko chini na kupeleka habari; panya aliyekatwa mshipa huo akipewa intaleukini-1 kidogo tumboni hasinzii kama mwenzake. Kuna pia sehemu za ubongo ambazo ukuta wake ni mwepesi, na kuta za mishipa ya damu ya ubongo zenyewe zikiguswa zinatengeneza prostaglandini. Hizi ziko za aina tofauti, ya D2 inaleta usingizi, ya E2 inapandisha homa. Na ubongo ukishapata habari unaanza kutengeneza intaleukini-1 yake wenyewe humo humo.

Sasa usingizi wa mgonjwa sio usingizi wa kawaida ulioongezwa saa. Usingizi wetu una sehemu ya usingizi mzito, na ile sehemu ya ndoto ambayo macho yanacheza chini ya kope na misuli inalegea kabisa. Saitokini zinaongeza ule mzito na zinakata ule wa ndoto. Kwanini ukatwe? Maelezo ninayoyakubali ni haya: kupandisha homa lazima utetemeke, na kwenye usingizi wa ndoto mtu hatetemeki, misuli imelegea na mwili unaacha kujirekebisha joto. Ukilala wa ndoto sana homa haipandi. Na homa ni silaha, ila silaha ya gharama, kila digrii moja inayopanda mwili unachoma nguvu zaidi kwa asilimia 10 na kitu, mtoto aliyetoka 37 akafika 39 anachoma karibu robo zaidi ya kawaida yake na hapo hajala kitu cha maana. Akilala, gharama zingine zote zinashuka, hatembei, hafikirii sana, hachezi mpira, nguvu yote inabaki kwa homa na kwa chembe za kinga zinazozaliana. Kwa hiyo uliposema "udhaifu", dada, mi nasema hapana, mwili umebana matumizi kama nyumba yenye mgonjwa inavyobana matumizi.

Je usingizi huo unasaidia kweli kupona? Mwaka 1993 watafiti wa Marekani waliangalia sungura walioambukizwa vijidudu, na waliolala zaidi kwa muda mrefu ndio waliopona kwa wingi, waliolala kidogo alafu usingizi ukakatika mapema wengi walikufa. Sio ushahidi kwamba usingizi peke yake uliwaponya, inawezekana sungura mwenye kinga nzuri ndio pia anayelala vizuri, lazima niwe mkweli hapo. Ila mwaka 2019 kwenye Chuo Kikuu cha Pennsylvania wakapata kitu kwa inzi wadogo wa matunda, molekuli moja inayoua bakteria na wakati huo huo inamlaza inzi, wakaiita nemuri, kwa Kijapani ni usingizi. Inzi wenye nemuri nyingi walilala zaidi wakiambukizwa na wakaishi zaidi. Kitu kimoja kinaua mdudu na kinalaza mgonjwa. Mimi nikijumlisha hayo yote naona bibi anapomuamsha kijana kila saa anamkatiza kazi.

Na wewe unayekesha? Molekuli ni zile zile, kinachobadilika ni kiasi. Kule Ujerumani, Munich, walijaribu kwa watu wazima wenye afya waliojitolea, wakawapa sumu ya ukuta wa bakteria kidogo sana, hata homa haikupanda, usingizi mzito ukaongezeka. Walipoongeza dozi mpaka homa ikaja, usingizi ukavunjika vipande vipande. Yaani mbiu ya chini inalaza, mbiu ya juu inakesha. Sasa angalia usiku unavyokuwa: kotisoli, ile homoni inayotuliza kinga, inashuka jioni mpaka karibu usiku wa manane ndio iko chini kabisa, saitokini zinapata uwanja, na joto la mwili kwa kawaida yake liko juu jioni, ndo maana homa zote za watoto zinatisha saa mbili usiku na asubuhi unaambiwa mbona yuko sawa. Juu ya hapo pua imeziba, viungo vinauma, na kama mchana ulisinzia umeshapunguza adenosini, kile kitu kinachojikusanya kichwani kadiri unavyokaa macho na kukuletea usingizi usiku. Na ukinywa chai ya rangi kali na tangawizi saa tatu usiku kwa ajili ya kifua, kafeini yake inaziba milango ile ile ya adenosini. Tangawizi sawa, majani ya chai yaache usiku. Na umri nao upo, kijana wa form two ana usingizi mzito mwingi kuliko mtu mzima, saitokini zikisukuma kwake zinasukuma mlango uliokuwa wazi tayari.

Dawa, umeuliza pia. Parasetamo haimlazi, yenyewe inapunguza prostaglandini za homa na maumivu, so anaweza kulala kwa sababu hasikii tena kuumwa kichwa. Lakini kama amepewa Piriton au zile dawa za mafua zilizochanganywa na kitu cha aina hiyo, hizo zinasinzisha kweli, zinazima histamini ambayo ndio inamuweka mtu macho, na usingizi huo ni wa dawa. Angalia boksi. Sioni haja ya kumuongezea usingizi mtoto ambaye tayari mwili unamlaza, tena ukimsinzisha kwa dawa unapoteza alama yako ya kujua kama anazidiwa. Na aspirini usimpe kabisa, mtoto au kijana chini ya miaka 16 mwenye mafua akipewa aspirini anaweza kupata tatizo baya la ini na ubongo, ni nadra ila likija ni baya mno.

Sasa niseme kuhusu bibi, na naomba umsomee sehemu hii kwa heshima. Bibi hajatoa hofu yake hewani. Mwanamke wa umri wake ameona watoto waliolala wasiamke. Malaria kali inapanda kichwani, homa ya uti wa mgongo nayo inakuja kama mafua ya kawaida alafu mtoto "analala", na kwa mtu aliyekaa pembeni ya kitanda vyote vinafanana. Tofauti yake ndio ile niliyoanza nayo juu: mwenye usingizi wa saitokini ukimgusa anaamka, ananuna, anakunywa, anakuuliza kwanini unamsumbua. Aliyepoteza fahamu hakuulizi kitu. Kwa hiyo kumuamsha kwenyewe sio kosa, kosa ni kila saa na kumtoa nje. Muamsheni kila masaa manne hivi mchana, anywe maji au supu au mtori mwepesi, mumuulize jina la mwalimu wake au leo siku gani, alafu arudi kulala. Usiku mara moja au mbili inatosha. Hiyo kazi mpe bibi, ataifanya kuliko wewe.

Na kapime. Najua umesema mafua, ila homa ikipita siku mbili hapa kwetu tusijipe jina wenyewe. Kuna utafiti ulifanyika hapa hapa Moshi mwaka 2007 na 2008 ukachapishwa 2013, wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa kwenye hospitali mbili, 528 waliandikiwa kwamba ni malaria, na vipimo vya uhakika vikaja kukuta wenye malaria kweli ni 14 tu. Kumi na nne! Waliobaki walikuwa na mambo mengine, wengine bakteria kwenye damu, wengine magonjwa yanayotoka kwa mifugo kama homa ya mgunda, brusela na homa ya Q, hayo ya ng'ombe na mbuzi na maziwa yasiyochemshwa ambayo kwetu tunaishi nayo ndani ya uzio. Wote hao mbiu yao inalia vile vile, wote wanalala vile vile, usingizi hauwezi kukuambia ni mdudu gani. Kipimo cha haraka cha malaria kinachukua dakika chache tu.

Najua kuna mtu atauliza malale, maana neno lenyewe liko kwenye jina, na huku tuna vijana wengi wa safari za porini, madereva na wapishi wanaolala Tarangire na Serengeti ambako mbung'o wapo, mwaka 2001 watalii kadhaa walitoka huko na malale. Huyo ni mdudu anayeingia kwenye ubongo, na ajabu yake mgonjwa wa malale ukijumlisha saa zake hajalala kuliko wewe. Kinachovunjika ni saa ya ndani, mchana anasinzia kwenye kiti, usiku anazunguka, na akilala anaingia kwenye ndoto moja kwa moja, kinyume kabisa na mgonjwa wa mafua ambaye ndoto zake zinakatwa. Kwa mwanao aliyetoka bweni na mafua sidhani, ila mtu ametoka porini wiki mbili tatu, ana homa na alama ya kidonda pale alipoumwa na mbung'o, amwambie daktari kwamba ametoka porini, asisubiri aulizwe.

Limebaki la Jumapili, na hili ndio linaniuma. Kumuamsha saa kumi usiku kijana anayetoka kwenye homa mimi sikubaliani nalo kabisa, na sio huruma tu. Barabara hii inaenda pande zote mbili: kinga inaita usingizi na usingizi unajenga kinga. Mwaka 2015 watafiti Marekani walipima usingizi wa watu 164 kwa kifaa kinachovaliwa mkononi kama saa, alafu wakawadondoshea kirusi cha mafua puani, waliokuwa wanalala chini ya masaa sita walipata mafua karibu mara nne zaidi ya waliolala zaidi ya saba. Ujerumani mwaka 2003 waliwachanja watu chanjo ya homa ya ini A, nusu wakalala usiku ule na nusu wakakeshishwa, usiku mmoja tu, baada ya wiki nne waliolala walikuwa na kingamwili karibu mara mbili. Sasa kijana wa miaka 14 anahitaji masaa 8 mpaka 10, akilala saa nne na kuamshwa saa kumi anapata sita na bado hajapona.

Kwa hiyo ifanye hivi. Asirudi mpaka amalize siku nzima, saa 24, bila homa na bila parasetamo, maana parasetamo inaficha homa na pia kule bweni wanalala kwa kubanana, atawaachia wenzake mafua. Kama Jumapili haijafika hapo piga simu shule, sema bado anaumwa, waalimu wengi ukiwaeleza mapema wanaelewa. Akirudi, mpe barua kwa matroni, sio kwa mwalimu wa zamu kwa sababu anabadilika kila wiki, uombe wiki ya kwanza asiamshwe pamoja na wenzake, alale mpaka saa kumi na mbili. Matroni akikataa niandikie tena, nitakuandikia barua mimi.